Maswali ya Wasomaji: Tangi Lisilofika Dumu Moja la Maji

Barua zilizotufikia kuhusu samaki wa mapambo zimezidi nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tano ambazo, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo lilelile: ni wanyama gani na mimea gani vinavyofaa kwa tangi dogo sana la maji baridi. Kwa msomaji mgeni katika jambo hili, tunaposema maji baridi tuna maana ya maji yasiyo ya chumvi, hata kama yana joto la nyuzi 30.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni mpangaji wa vyumba viwili Magomeni, Dar es Salaam. Shemeji yangu alipohama aliniachia tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 25 na kimo cha 25. Nilinunua samaki wa dhahabu wanne, gapi wawili na yule samaki mweusi anayejibandika kwenye kioo, pamoja na mimea ya plastiki. Nilijaza maji ya bomba asubuhi, na jioni nikawatia samaki. Muuzaji alinihakikishia kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Kufikia siku ya tisa alikuwa amebaki gapi mmoja tu. Watoto wamelia, na mke wangu anasema tangi ligeuzwe la kuwekea mchele. Nifuge nini?

Jibu: Ndugu yangu, kabla mchele haujamiminwa humo, chukua kalamu tupige hesabu. Arobaini mara ishirini na tano mara ishirini na tano ni sentimita za ujazo 25,000, yaani lita 25. Ondoa sentimita nne za mchanga chini na sentimita tatu za nafasi ya hewa juu, nawe utabakiwa na maji ya kimo cha sentimita 18, ambayo ni lita 18. Lile dumu la njano la mafuta ya kula ambalo wengi wetu tunachotea maji hubeba lita 20. Samaki wako saba, basi, walikuwa wakila, wakipumua na kujisaidia ndani ya maji yasiyojaza dumu moja.

Maneno ya muuzaji wako yamezoeleka sana madukani, nayo si kweli. Samaki wa dhahabu wa kawaida hufikia sentimita 20 na zaidi, na yule wa kujibandika kwenye kioo, ambaye dukani ana ukubwa wa kidole, anaweza kuzidi sentimita 40, yaani urefu wote wa tangi lako. Samaki anayedumaa ndani ya tangi dogo hajakubaliana nalo. Amedumazwa na uchafu wake mwenyewe, kama mhindi uliooteshwa kwenye kikopo.

Sumu iliyowaua huenda hukuiona wala kuinusa. Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki chini kikaoza huongeza amonia hiyo hiyo. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi juu ya mchanga, mimea na sponji ya chujio, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huifyonza kama mbolea. Bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita ili wawe wengi wa kutosha, nawe uliwapa kutwa moja. Ongeza hapo klorini ya maji ya bomba ambayo haikupata muda wa kutoka, na utaona kwamba jambo la kustaajabisha ni yule gapi mmoja aliyenusurika.

Sasa tuanze upya, na tuanze na mchanga. Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe, wala usitumie wa ufukweni, kwa kuwa una vipande vya matumbawe na makombe vinavyopandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba yake hupanda kadiri asidi inavyopungua. Kipimo chake kipo jikoni: weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye kisahani, udondoshee siki, kisha utege sikio karibu. Mchanga ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa. Jambo hili si dogo, kwa sababu katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25 ni chini ya asilimia 1 ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali, lakini pH ikifika 8 kiasi hicho hupanda hadi asilimia 5 hivi, na ikifika 9 hupita theluthi moja. Uchafu ni ule ule, ila makali yake si yale yale.

Mimea itangulie samaki, tena iwe mimea hai. Kwa Dar es Salaam na kwa mfugaji anayeanza, ningekuchagulia anubiasi ndogo, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani magumu ya kijani kilichokolea, ambao huota polepole na kuridhika na mwanga hafifu. Kosa linaloua anubiasi nyingi ni kuuzika mchangani ule ushina wake mnene unaotambaa, kwa kuwa ushina huo huoza ukifukiwa. Chukua kifuu cha nazi, kichemshe mara mbili tatu mpaka rangi ipungue, kikate mlango wa kupitia samaki, kisha uufunge ushina juu yake kwa uzi wa kushonea, na baada ya miezi kadhaa mizizi itakuwa imekishika kifuu hata uzi usihitajike tena. Kangaga wa Java hufungwa vivyo hivyo, na kuvumwani wa Java huhitaji tu kutandazwa juu ya jiwe. Ule mti wa mapambo unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo, ambao watu huuweka katika chupa za maji sebuleni, nao una kazi hapa: ning'iniza kipande chake ukingoni, mizizi iwe ndani ya maji na majani yabaki nje, na utafyonza nitrati nyingi.

Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa sababu jua la saa tisa alasiri litakuletea ukijani kwenye kioo na kupandisha joto la maji, nayo maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, na kwenye nyuzi 30 hubaki karibu 7.5. Taa ndogo ya saa sita hadi nane kwa siku inatosha. Meza iwe imara, kwa maana maji, mchanga na kioo kwa pamoja havitapungua kilo 30 kwa mbali. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linafaa kuliko yale ya kuvuta maji kwa nguvu, na likizimika umeme ukikatika kwa saa moja au mbili, tangi lenye mimea mingi na samaki wachache halitapata madhara.

Nimeyatanguliza hayo yote kwa makusudi, kwa kuwa mnyama ndiye wa mwisho kuchaguliwa. Kwa lita 18 na kwa joto la Dar es Salaam, chaguo langu la kwanza ni beta dume mmoja, na mmoja tu. Samaki huyu, ambaye Thailand ilimtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wa majini wa taifa lake, ametokana na samaki wa mabwawa na mashamba ya mpunga yenye maji ya kina kifupi na ya vuguvugu, na ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kupumua hewa ya juu ya maji. Ndiyo maana wauzaji humweka katika chupa ya jemu. Anaweza kweli kubaki hai humo kwa muda, kama vile mtu anavyoweza kubaki hai ndani ya lifti. Maji ya nyuzi 25 hadi 28 humfaa, na hapo hita haihitajiki. Mimea ya plastiki, ambayo kingo zake humchana mapezi, mpe mtoto achezee. Madume wawili watapigana mpaka mmoja afe, na jike naye hawezi kuishi nao katika nafasi hiyo.

Jani moja la mkungu litampendeza sana. Nina maana ya ule mti wenye matawi yaliyotandaa kama miavuli, ambao kungu zake hupondwa na watoto kwa mawe. Okota jani lililoanguka lenyewe na kukauka likawa la hudhurungi, mahali pasipo moshi wa magari, ulisuuze, ulitie majini. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi, na hiyo si dalili ya uchafu.

Kama watoto wanataka samaki wengi wanaokwenda kasi, chagua gapi madume wanne badala ya beta, si pamoja naye, maana mikia yao mirefu huweza kumfanya awaone kuwa mahasimu. Dume la gapi ni dogo kuliko jike, lina rangi, na pezi lake la chini ya tumbo limechongoka kama kijiti. Nasisitiza madume kwa sababu jike lililokwisha kupandwa huhifadhi mbegu mwilini na kuzaa takribani kila mwezi kwa miezi kadhaa bila kuona dume tena, na lita 18 hazitawatosha wajukuu wake. Yule gapi aliyesalia umwangalie basi: akiwa jike, huenda tayari ana mimba.

Maji ya bomba yaache ndani ya ndoo isiyofunikwa kutwa nzima kabla ya kuyatia. Panda mimea, washa chujio, tia punje chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili ili bakteria wapate cha kula, na usubiri wiki hizo nne hadi sita. Yule gapi atakayebaki peke yake wakati huo akae ndani ya ndoo safi, ukimbadilishia nusu ya maji kila siku. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la rafiki ambaye samaki wake ni wazima, muda huo utapungua sana. Baadaye utabadilisha lita nne za maji kila wiki, na sponji utaikamulia katika maji yale uliyoyatoa, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini itawaua bakteria uliowangoja mwezi mzima.

Swali: Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bagamoyo. Karibu na barabara kuna shimo lililochimbwa kifusi, ambalo hujaa maji wakati wa masika na kukauka kabisa ifikapo Agosti. Kila mwaka wanafunzi huniletea humo samaki wadogo, madume yana rangi nyekundu na buluu ya kupendeza, majike ni ya kijivu. Wazee wa hapa husema samaki hao hushuka na mvua. Ni samaki gani, na je, tunaweza kuwafuga katika tangi la lita 20 darasani?

Jibu: Mwalimu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu samaki anayestahili tangi dogo pengine kuliko wote watokao Asia na Amerika anaishi kando ya njia yako. Wazee wameona sawasawa: mahali palikuwa pakavu kwa miezi, mvua ikanyesha, na samaki wakaonekana. Ila hawakutoka juu, walitoka chini.

Kwa maelezo yako hao ni wa jamii ya Nothobranchius, ambayo ina spishi nyingi katika madimbwi ya msimu ya mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Somalia na Kenya, kupitia tambarare za Ruvu na Rufiji, hadi Msumbiji. Unguja ina wa kwake, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893. Dume humbana jike ubavuni karibu na tope, na jike hutaga yai moja, kisha jingine, kila moja likifukiwa lilipo. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, lakini mayai hubaki ndani ya udongo, vijusi vyake vikiwa vimesimama kukua kana kwamba vimelala, mpaka mvua iwaamshe. Wakishalowa huanguliwa katika muda wa saa chache, hukua kwa haraka isiyo ya kawaida, na baada ya wiki chache nao hutaga. Ndugu yao wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, anaweza kukomaa katika wiki mbili tu, na maisha yake ni mafupi kiasi kwamba maabara nyingi duniani humtumia kuchunguza uzee.

Kwa lita 20, dume mmoja na majike wawili wanatosha. Samaki wa namna hii wengi hawazidi sentimita sita, hawahitaji hita mwambao, na tangi lenye kuvumwani kingi na kifuu cha nazi huwapa majike mahali pa kujificha, maana dume halina subira. Tangi lifunikwe, kwa kuwa huruka. Shida yake ni chakula: wengi hukataa chakula kikavu na kutaka kinachocheza. Hilo kwako halitakuwa tatizo, kwani ndoo ya maji iliyoachwa kivulini hujaa viluwiluwi vya mbu, ilimradi mwanafunzi wa zamu avichote kila siku na asiviache vikageuka mbu wa kulisumbua darasa.

Hata hivyo nina masharti mawili. Baadhi ya spishi hizi zinajulikana kutoka madimbwi machache tu, kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya, na ikiwa utaruhusiwa uchukue hao watatu, si ndoo nzima. Sharti la pili ni la afya: watoto wasiingie shimoni miguu mitupu, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho cha mkojo huishi katika madimbwi kama hayo, na baadhi yao huvumilia hata ukame. Vueni kwa wavu wenye mpini mrefu, aliyevaa buti za mpira akiwa ndiye anayekaribia maji.

Mkitaka watoto waone muujiza wenyewe, jazeni bakuli dogo vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kusuuzwa mpaka maji yake yasitoke rangi, mliweke chini ya tangi. Baada ya wiki mbili litoeni taratibu, likamueni kwa mikono mpaka libaki na unyevu kama wa tumbaku ya kusokota, lifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, andikeni tarehe, na mlihifadhi kabatini kwa miezi mitatu hivi. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona yai lenye ukubwa wa milimita moja likiwa na nukta mbili nyeusi ndani yake. Hizo ni macho. Hapo mwagieni maji ya vuguvugu ya kina cha vidole vitatu, na mwanzishe somo lenu la sayansi.

Swali: Habari yako Mshauri. Ninasoma chuo na nimepanga chumba kimoja nje kidogo ya Nairobi. Nina kitangi cha lita 15, bila hita. Ninawapenda kamba wadogo wekundu na ninampenda pia beta. Je, nikiwaweka pamoja itakuwaje?

Jibu: Dada, itakuwa karamu ya beta. Kamba mkubwa huenda akasalimika, lakini watoto wake, ambao wana ukubwa wa punje ya mtama, wataliwa wote. Na kwa kuwa huna hita, Julai ya Nairobi inakuamulia: maji ya chumbani yakishuka hadi nyuzi 18, beta atajikunyata pembeni na kuacha kula, lakini kamba wataendelea na shughuli zao. Kinyume chake ni huko Dar es Salaam na Mombasa, ambako maji ya Februari yanayopita nyuzi 30 huwachosha kamba, ilhali beta huyavumilia zaidi. Kwa hiyo chagua kamba.

Hao wekundu ni Neocaridina, ambao asili yao ni Taiwan na mashariki ya China. Huko mitoni wana rangi ya udongo, na wekundu huu umetokana na wafugaji kuwachagua kizazi baada ya kizazi. Nunua kumi, wawe wa sentimita mbili hivi, uwatie katika tangi lililokwisha kukomaa na kufanya utando mwembamba wa kijani, maana utando huo ndio malisho yao. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa viguu vyake kwa wiki tatu au nne, na watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la kamba.

Jihadhari na mambo matatu. Madini ya shaba huwaua, na dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo huwaua haraka, kwa hiyo jirani akipuliza ukumbini, zima pampu ya hewa na ufunike tangi kwa kitambaa chenye unyevu mpaka harufu iishe. Na mboga: jani la sukuma wiki lililochemshwa wanalipenda mno, nami nimewahi kuwaona wakilifunika lote kama nyuki, lakini lioshe sana kwanza kwa sababu ya dawa za shambani, na ulitoe baada ya saa chache.

Maji ya Nairobi yatokayo kwenye mabwawa ya milimani hayana chokaa nyingi, na kamba anahitaji chokaa ili ajenge gamba jipya kila anapojivua la zamani. Kipande kidogo cha mfupa wa dome, kile cheupe kinachouzwa kwa wafuga ndege, kitasaidia. Gamba tupu utakalolikuta chini si maiti, liache walile. Mwisho, kamba hawali viluwiluwi vya mbu, hivyo juu ya tangi weka wavu mwembamba.

Swali: Kijana wangu Mshauri, mimi ni mstaafu, ninaishi Mwanza umbali wa mita mia tatu kutoka ziwani. Mjukuu wangu ana tangi la lita 25. Kwa nini tununue, wakati furu, konokono na majani ya ziwani ni bure?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Furu ni samaki wazuri, na sifa yao imezunguka dunia kwa wingi wa spishi zilizozaliwa katika ziwa lenu. Lakini wengi wao hupita sentimita kumi, na dume akishajitwalia eneo huwafukuza wengine bila kupumzika. Ziwani anayefukuzwa ana pa kwenda. Ndani ya lita 25 hana. Furu huhitaji tangi la lita mia na zaidi.

Konokono nakuomba usiwaguse kabisa. Wale wadogo bapa, waliojiviringisha kama kamba iliyokunjwa, ndio wanaobeba kichocho cha tumbo, na mjukuu atatia mkono humo kila siku. Kuhusu majani, uko sahihi kwa sehemu. Ule mmea usio na mizizi, wenye majani membamba yaliyozunguka shina kama mkia wa paka, ambao wavuvi huukuta umeng'ang'ania nyavu zao, ni mmoja wa mimea bora kwa tangi dogo, na ule wa majani marefu kama utepe unafaa pia kwa upande wa nyuma. Usuuze vizuri, kisha uuweke peke yake ndani ya ndoo ya maji safi kwa wiki mbili au tatu, ukiondoa kila konokono na kila utando wa mayai yake, na ukitafuta pia watoto wa kereng'ende, ambao huishi majini na kula samaki wadogo. Anayeushika ndooni avae glavu.

Gugu maji usilichukue, hata kama ua lake la zambarau linavutia. Mizizi yake itajaza tangi na majani yake yataziba mwanga. Hilo nalo lilisambazwa duniani kutoka Amerika ya Kusini na watu waliolipenda kwa uzuri wake, na Mwanza mnajua lilikofikia. Kwa sababu hiyo hiyo, mjukuu akifuga gapi nao wakazaliana kupita kiasi, wasimwagwe ziwani wala mtaroni. Wapewe jirani.

Swali: Maji ya kisima chetu hapa Tanga yana chumvi kidogo na sabuni haitoi povu. Je, kuna samaki na mmea wa kuyavumilia katika tangi la lita 20?

Jibu: Ndiyo. Sabuni isiyotoa povu ni dalili ya chokaa nyingi, na gapi hupendelea maji ya namna hiyo kuliko maji laini, tena huvumilia chumvi kidogo bila shida, mradi umzoeshe kwa kumwongezea kikombe kimoja kila baada ya dakika kumi ukiwa bado umemweka kwenye mfuko wake. Kwa mimea, jaribu kangaga wa Java na ule wa utepe niliomtajia mzee wa Mwanza. Tahadhari moja tu: maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki nayo, inabaki na kuzidi kukolea. Basi kile kilichokauka kijazie kwa maji ya mvua, na ya kisima uyatumie pale tu unapobadilisha yale ya wiki.